Koti Kilangoni

Nikifika kwenye kilango cha bustani huwa nakohoa kwanza. Si kikohozi cha kifua, ni cha kupiga hodi. Nakohoa, nasimama, naangalia nguzo ya kushoto kama ina kitu, ndipo naingia. Binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima na mdomo kaurithi kwangu, huniuliza, "Mama, unampigia nani hodi? Humo hamna mtu." Namwambia najua. Najua kuliko yeye, maana aliyekuwa humo amelala pale juu, katikati ya migomba, na siku jeneza lake lilipopita mimi nilisogea pembeni nikageuza mgongo mpaka likapita. Lakini msimu ukiisha, maharage yakishavunwa na ukungu ukishuka kutoka mlimani mpaka huioni nyumba ya jirani, miguu yangu haikubali kuingia bila ruhusa.

Ngoja nieleze, kwa sababu vijana ukiwatajia habari ya kumwogopa mkwe wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Mimi ni mtoto wa Bulyaga, pale Tukuyu mjini, ambako nyumba zimebanana na kila mtu ana kitu anauza mlangoni. Nilikuwa mjuaji. Nilipochumbiwa na kijana wa kijiji cha Kinyala, shangazi yangu alinikalisha chini akanipa sheria. Baba wa mume wako hutamwona uso. Hutasema naye. Jina lake hutalitaja, hata kwa kuteleza ulimi. Mkikutana njiani, unaingia migombani, unageuza mgongo, unasubiri apite. Chakula chake anapeleka mama mkwe. Na yeye atakukwepa vilevile, kwa sababu heshima hii ni ya watu wawili, si mzigo wa mwanamke peke yake. Nikamwuliza, "Sasa shangazi, nyumba ikiungua?" Akaniangalia, akasema, "Nyumba haitaungua." Akaendelea kumenya ndizi zake.

Nilidhani nitavumilia mwaka mmoja halafu mambo yatajiishia yenyewe, maana tulikuwa Wakristo wote, mkwe na mama mkwe walikuwa hawakosi ibada. Wapi. Kanisani alikaa upande wa wanaume, mbele kabisa, na mimi nyuma kwa wanawake, na ibada ikiisha nilitoka wa kwanza. Kuna mila ambayo mtu anaiacha kwa sababu inamchosha. Hii watu wa pale walikuwa wameipenda.

Bustani ndiyo iliyotuweka pamoja, kama neno pamoja linafaa. Ilikuwa bondeni, kando ya kijito, imezungushiwa matete, na kilango chake ni kimoja tu. Zamani mzee alikuwa mtu wa kahawa. Malipo ya kahawa yalipoanza kuchelewa mpaka yakasahaulika, akahamishia moyo wake kule bondeni: maharage ya kutambaa kwenye fito, njegere, karoti, chainizi, vitunguu vya majani. Mama mkwe magoti yalishamkatalia mteremko, kwa hiyo sehemu yake nikarithi mimi. Bustani moja, wakulima wawili, na hawatakiwi kuonana.

Hakuna aliyetupangia utaratibu. Ulijipanga wenyewe. Kulikuwa na koti. Ile miaka ya ruksa ilipoanza, biashara ikafunguliwa baada ya miaka ya kupanga foleni hata kwa kipande cha sabuni, mitumba ilimwagika sokoni Tukuyu, na mzee akajinunulia koti moja zito jeusi, refu, lenye vifungo vikubwa. Wenyewe tuliziita nguo hizo kafa Ulaya, tukiamini zimevuliwa kwa marehemu wa kizungu. Mama mkwe hakulipenda. Alisema atalichemsha. Mzee akakataa kabisa, akasema, kama mama mkwe alivyonisimulia, kwamba aliyekufa hana haja ya koti na aliye hai anasikia baridi. Alilitunza koti lile kuliko alivyojitunza mwenyewe. Wingu likionekana tu, anakimbia kulitoa.

Akiwa bustanini, koti liliningʼinia kwenye nguzo ya kilango, upande wa kushoto. Nikilikuta, nakohoa, halafu naingia migombani nasubiri. Yeye akisikia anamalizia alichoshika, kisha anagonga jembe kwenye jiwe. Katikati ya bustani kulikuwa na jiwe jeusi ambalo halikungʼoka hata kwa mtaimbo. Anagonga, ananyamaza, anagonga tena. Maana yake, natoka, geuka. Nageuza mgongo. Nasikia hatua zake, nasikia koti likivutwa kwenye nguzo, nasikia nyasi zinamfuata mpaka juu. Kimya kikirudi, naingia.

Uso wake sikuujua. Nilijua nyayo zake, kidole gumba kimeangalia nje kana kwamba kina safari yake. Nilijua anavyofunga fundo. Mwisho wa msimu ndipo nilipomjua zaidi, maana kazi za mwisho wa msimu hazina haraka na tabia ya mtu inaonekana. Fito za maharage zilikuwa kazi yake. Alizichomoa moja moja, akazipangusa tope, akatenga zilizooza, nzima akazifunga mafungu kwa kamba za mgomba ili zipande jikoni juu ya moshi, zisiliwe na wadudu. Kungʼoa mabua, kufukia majani mabichi kwenye matuta, kuchagua mbegu, hizo zilikuwa zangu. Mashina ya mbegu aliyafunga utepe wa mgomba ili nisiyangʼoe kwa bahati mbaya. Mwaka niliokuwa na mimba ya binti yangu nilishuka nikiwa nimejiandaa kwa kile kipande kigumu cha juu, chenye ndago zinazoshika ardhi mpaka chini. Nikakuta kimeshapinduliwa chote. Ndago zimetolewa, zimerundikwa, na jembe langu limenolewa limeegemezwa kwenye jiwe. Sikuwahi kupata mtu wa kunitunza hivyo bila kunitangazia. Nilikaa kwenye tuta nikalia, mjuaji mzima.

Mume wangu yeye aliondoka na ruksa hiyohiyo. Malori yalianza kufika mpaka mashambani, kabichi na viazi vya Isongole vikapata njia ya Dar es Salaam, na yeye akapanda kama utingo. Mwanzoni alirudi na vitenge na maneno matamu. Halafu vikaja vitenge bila yeye. Halafu dereva mmoja akaniletea salamu huku anaangalia matairi yake, nikaelewa kwamba huko mwenzangu ana nyumba nyingine. Sikupiga kelele. Nilikuwa na mtoto mdogo, na ngʼombe wa mahari walishapelekwa kwetu, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wa mume. Mimi nikiondoka, naondoka peke yangu. Kilichonishika pale hakikuwa ndoa tena. Ilikuwa ni binti yangu, na mimi kuwa mkwe wa mji ule wa mzee.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ulikuwa mwanzo wa kipupwe, maharage yametoka, fito bado zimesimama na mabua makavu yamezizonga. Mama mkwe alikwenda Tukuyu sokoni na mtoto wangu. Nilishuka na jembe, nikakuta koti nguzoni. Nikakohoa, nikaingia migombani. Mvua nyembamba ikaanza, ile yetu isiyopiga kelele. Nikasema sasa atatoka mbio kulitoa koti lake. Hakutoka. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Jembe halikugonga. Nikatazama koti linavyoanza kung'aa kwa maji, mikono inarefuka kwa uzito, na matone yanatoka kwenye vifungo.

Nawaambieni, kuna hofu isiyo na jina. Nilisimama pale nikilitazama koti la mtu aliyekufa Ulaya likilowana, na moyo ukaniambia, mwenye koti hajiwezi.

Wa kumwita karibu hakuwepo. Nilijifunika kanga kichwani mpaka puani, nikaingia nikiangalia chini, nafuata zile nyayo za kidole gumba. Zilifuata mfereji. Mzee alikuwa anauzibua mfereji, kazi ya kila mwisho wa msimu, maji yasije yakalala kwenye matuta. Nikaona miguu. Nikaona mgongo. Uso ulikuwa ndani ya mfereji, umelala kwenye tope, na maji yamezibwa na bega lake yanapanda.

Kumgeuza ni kumwona. Nasema hivi kwa sababu wengine walikuja kuniuliza kwa nini sikufumba macho. Wangekuja wao. Nilimshika mabega, nikamvuta, nikamgeuza, nikamtoa tope mdomoni na puani kwa vidole vyangu. Akavuta pumzi kwa sauti mbaya. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka, umekufa. Jicho la upande wa pili lilifunguka likaniona. Lilinitambua. Nililiona linavyojaribu kugeuka, hata katika hali ile, limkwepe mkwe wake, na shingo haikulisaidia. Nilichukua koti nikamfunika, nikampakata kama mtoto ili kichwa kisirudi chini, halafu nikapiga ukunga mpaka wanaume wakaja na machela.

Hospitali walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani anapumua, mkono wa kushoto unafanya kazi, mengine yote yamenyamaza. Sauti haikurudi. Walimlaza chumba kinachopakana na jiko la mama mkwe, ukuta mmoja wa tofali kati yetu. Mimi nachochea moto huku, yeye anapumua kule. Nilimsikia akigeuzwa, nilimsikia akinyweshwa uji, nilisikia kijiko kikigonga meno.

Na uso ule haukuniacha. Nilikuwa nikiosha viazi, dole gumba likiondoa tope, naona ninamfuta yeye. Nikimwogesha mtoto naogopa kumpitishia maji usoni. Nikienda kijitoni kuteka, ndoo ikitulia, lile jicho linajaribu kugeuka. Nilikonda. Sikuwa na hatia, nilijua sina, lakini kuandamwa hakungoji hatia.

Ndipo shemeji alipoanza. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, amejenga karibu na barabara, na alishaonja biashara ya malori. Aliitaka bustani ipandwe kabichi tupu, kabichi mpaka kwenye jiwe. Hakusema hivyo. Alisema mila. Alisema mwanamke aliyempakata mkwe wake hawezi kuendelea kuishi kwenye mji huo kama hakuna kilichotokea. Mzee wa kanisa akamjibu kwamba hata ngʼombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, anatolewa. Nilimshukuru, ingawa sikupenda baba mkwe wangu afananishwe na ngʼombe. Shemeji akasema ukoo si kanisa. Kwa kweli wazee wa ukoo wenyewe hawakuwa wabaya. Walisema aliyevunjiwa heshima ndiye mwenye neno. Yeye akisema, "Mkwe wangu kaniokoa," yamekwisha, hakuna atakayeliinua tena. Akinyamaza, basi wanirudishe kwetu Bulyaga mpaka yapoe. Na kila mtu alijua kwamba kupoa huko hakuna mwisho.

"Na mtoto?" niliuliza.

"Mtoto yuko kwao," shemeji alisema. Alikuwa anachokonoa meno.

Mwenye neno ndiye huyo hana sauti. Wazee wakapanga kukaa bustani zikishasafishwa, watu wakipata nafasi. Kwa hiyo nikawa nashuka kila siku kufanya kazi ambayo ikiisha, na mimi nimekwisha. Nilizivuta kazi. Mabua niliyangʼoa shina kwa shina. Mashina ya mbegu niliyakata, nikayaningʼiniza, nikapukuchua maharage juu ya mkeka, nikatupa yenye vitundu. Mfereji ule niliuzibua mwenyewe, kipande kile cha mwisho, na huko sitaki kurudi hata kwa maneno. Nguzo ya kilango ilikuwa tupu. Ningetegemea utupu ule uniondolee hofu. Haukuniondolea. Niliingia bila kukohoa, na kila mara nikaona nimeingia chumba cha mtu bila hodi.

Fito sikuzigusa. Zilikuwa kazi yake. Zilisimama kwenye ukungu na mabua yake, na upepo ukipita zilisugana, zikatoa sauti ya mtu anayepangusa fito. Nikageuka mara nyingi. Nikajikaripia mara nyingi vilevile, mtoto wa mjini unaogopa vijiti.

Mama mkwe katika siku zile alininyamazia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakuwa mkali, alinipa chumvi, alinipokea kuni, lakini macho aliyaweka mbali. Nikasema moyoni, naye ameshanitoa. Alikuwa amelikausha lile koti juu ya moto kwa siku kadhaa, akalipiga kwa fimbo tope likatoka, akalipeleka chumbani kwa mzee. Hata kulichemsha hakulichemsha.

Siku ya wazee kukaa ikafika. Asubuhi nilimwambia mama mkwe kwamba zimebaki fito tu, nakwenda kuzitoa. Nilimaanisha nakwenda kuaga. Nilimwacha mtoto amelala, nikazunguka kwanza kijitoni nikanawa miguu na mikono kama mtu anayekwenda mbali, halafu nikapanda kwenye kilango kwa njia ya juu.

Koti lilikuwa kwenye nguzo.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba amekufa, ametangulia kuja kumaliza kazi yake. Sioni haya kulisema. Ukungu ulikuwa mzito, fito zinasugana mle ndani, na koti limeningʼinia upande wa kushoto, limegeuzia mgongo njia kama alivyoliweka yeye daima. Majani yote yalikuwa na umande na koti lilikuwa kavu. Nilikohoa. Sijui kwa nini, mazoea yalikohoa. Halafu nikaingia migombani nikasubiri jembe ligonge kwenye jiwe, na nilikuwa naogopa ligonge na naogopa lisigonge.

Halikugonga. Nilikaa pale mpaka baridi ikaniingia mifupani, na baridi ile ndiyo iliyonirudishia akili. Mzee alikuwa hai, nilikuwa nimemsikia akikohoa alfajiri nyuma ya ukuta. Koti halina miguu. Kulitoa chumbani kwake angeweza mtu mmoja tu, mwenye magoti mabovu, asiyeshuka mteremko ule miaka mingi. Na mtu huyo asingeligusa koti lile bila mwenyewe kumwonyesha kwa ule mkono mmoja. Niliwaza mzee akinyoosha kidole kwenye koti, kisha dirishani, kuelekea bondeni. Niliwaza mke wake akibisha, kisha akielewa.

Maana koti lile lilikuwa linasema nini siku zote? Lilisema, mkwe wangu, usiingie, nipo. Hayo huwezi kumwambia mwanamke mwingine yeyote. Jirani ataingia tu. Mgeni ataingia. Mwanamke anayerudishwa kwao huna haja ya kumkwepa, apite anapotaka. Unamkwepa mkwe wako.

Nilipanda nyumbani haraka kuliko nilivyowahi kupanda, kanga inanidondoka. Wazee walishafika, wamekaa kwenye viti uani mbele ya jiko, shemeji katikati yao. Mama mkwe alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Miguu yake ilikuwa na tope la bondeni mpaka kwenye vifundo, na alikuwa anahema bado.

Akaniuliza kwa sauti, kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mbona umeludi? Fito umefunga?" Kiswahili chake hakikuwa na herufi ya kuunguruma, kilipita laini.

Nikaelewa ananiuliza kwa niaba ya nani, na nani asikie. Nikajibu kwa sauti ileile, nimeuelekea ukuta. "Bado, mama. Baba yuko bustanini. Koti lake liko kilangoni. Nimekohoa, nikamsubiri atoke, hajagonga. Siwezi kuingia."

Shemeji akacheka kidogo. "Huyu sasa amechanganyikiwa. Mzee si huyu hapa ndani, hajanyanyuka kitandani tangu..."

"Subili," mama mkwe alimwambia. Hakupandisha sauti. Ungo aliushikilia bila kuutikisa.

Tukasubiri wote. Hata kuku, naapa. Nilisikia ile pumzi nyuma ya ukuta, nzito, ya mtu anayeinua kitu kinachomshinda. Halafu kitu kigumu kikagonga kwenye tofali. Nadhani ilikuwa kikombe cha bati. Kikagonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

Mama mkwe akaanza kupepeta. "Umesikia," akasema. "Anatoka. Nenda kafunge fito zake."

Mmoja wa wazee alivua kofia. Mwingine akasema, "Ndaga," neno letu la kushukuru, akalisema kwa ukuta. Shemeji aliangalia ardhi katikati ya viatu vyake, na kikao kile kikazungumzia bei za malori mpaka chakula kilipoiva.

Mimi nilirudi bondeni. Njia nzima nilikuwa nalia kwa sauti, hakuna wa kunisikia kwenye ukungu ule. Koti lilikuwa bado nguzoni. Ningeweza kulitoa na kuingia, nani angenizuia, uwanja ulikuwa wangu. Lakini alikuwa ameshagonga. Nilisogea migombani, nikageuza mgongo, nikajifunika kanga, nikasimama pale muda unaomtosha mzee anayetembea polepole, ambaye upande mmoja unamvuta, apite na koti lake na afike juu bila kuonwa. Nilipohisi ameshapita, niliingia nikaanza kuchomoa fito.